Kutoka Mbiu hadi Sare: Maana na Asili ya Neno "Mgambo" katika Historia ya Kodi na Uandikishaji, Mwanza na Mwambao wa Ziwa Victoria

Mchuuzi wa mitumba katikati ya Mwanza akisikia kwamba "mgambo wanakuja" haulizi wanakuja kwa jambo gani. Hukunja turubai lake na kuondoka. Hata hivyo, methali anayoijua tangu utotoni inasema kwamba la mgambo likilia lina jambo. Katika methali hiyo mgambo si mtu: hauna sare wala kirungu, na haumfukuzi yeyote. Ni wito unaopigwa kwa pembe ili watu wakusanyike. Insha hii inachunguza namna neno moja lilivyohama kutoka kwa wito hadi kwa mtu, na inadai kwamba uhamaji huo hauwezi kueleweka bila historia ya kodi na ya uandikishaji wa watu kwa kazi na kwa vita.

Tuanze na umbo lenyewe. Nomino zenye kiambishi m- na irabu ishilizi -o mara nyingi hutokana na vitenzi: mchezo na cheza, msemo na sema, mwito na ita. Kwa kanuni hiyo, mgambo hudai kitenzi gamba chenye maana ya kusema au kutamka. Kiswahili cha leo hakina kitenzi hicho katika umbo hilo, lakini kina ndugu yake: amba, ambacho kimebaki katika kwamba na katika amba- ya urejeshi. Ng'ambo ya magharibi ya Ziwa, katika Luganda na Kihaya, kugamba ni kitenzi cha kila siku chenye maana ya kusema au kuambia. Ulinganifu huu hautoshi kudai kwamba Kiswahili kilikopa neno kutoka ziwani. Unatosha kuonyesha kwamba kiini cha mgambo ni tamko, yaani jambo linalosemwa hadharani ili lisikiwe na wote. Upareni, kazi ya pamoja ambayo wanakijiji huitiwa inaitwa msaragambo, na sioni kuwa ni bahati tu kwamba wito na kazi vimekutana tena katika umbo linalofanana hivyo.

Kamusi za kipindi cha ukoloni, ikiwamo ile ya Johnson ya mwaka 1939, zinauchukulia mgambo kuwa tangazo la hadhara, na hulihusisha na mbiu, yaani pembe iliyopulizwa kabla ya tangazo kutolewa. Kiambishi la katika methali hakirejelei mgambo bali baragumu: baragumu la mgambo. Wengine husema mbiu ya mgambo, na methali ikawa "ikilia ina jambo". Kwa vyovyote, mgambo katika usemi huo ni nomino ya ngeli ya m-/mi-, na mtu wa zamani angesema "mgambo umepigwa". Leo husemwa "mgambo wamefika". Badiliko dogo la upatanisho, kutoka u- hadi wa-, ndilo ushahidi mkuu wa insha hii.

Wito wa aina hiyo ulikuwa na makao yake Usukuma kabla ya neno la Kiswahili kuenea huko. Chini ya ntemi walikuwapo banangwa, wakuu wa vijiji, na kando yao nsumba ntale, kiongozi wa vijana aliyewaita kwa kilimo cha zamu na kazi nyingine za kijiji. Hans Cory, aliyefanya utafiti wa mila kwa niaba ya serikali ya Tanganyika, aliueleza mfumo huu kwa kirefu. Isidhaniwe kwamba wito huo ulikuwa wa hiari tupu. Aliyekataa aliweza kutozwa faini au kutengwa, na shamba la ntemi lililimwa na mikono isiyolipwa. Tofauti ilikuwa kwamba aliyeitwa alimjua mwitaji, aliijua kazi, na mara nyingi aliujua mlo na pombe iliyofuata.

Kwa wageni, utaratibu ulikuwa mwingine. Speke alipofika Mwanza mwezi Agosti 1858 na kuliona Ziwa, misafara ya nchi za ndani ilikuwa imezoea kulipa hongo kwa watawala wa njiani. Hongo ililipwa na mpita njia. Nayo, kama tujuavyo, ilikuja kuporomoka kimaana hadi kuwa rushwa. Kodi ni kinyume chake: hudaiwa kwa mkaaji, kwa sababu tu anakaa. Si ajabu kwamba neno lililochukuliwa kwa ajili ya dai la serikali ni lile lile linalotumika kwa pango la nyumba. Wajerumani, waliokuwa na kituo Mwanza tangu miaka ya mwanzo ya 1890, walitoa agizo la kodi ya nyumba mwaka 1897, likaanza kutekelezwa mwaka 1898 kwa kiwango cha rupia 3 kwa nyumba ya kijijini. Mwenye kulala katika nyumba aliyoijenga mwenyewe akawa kama mpangaji.

Hapa ndipo kodi na uandikishaji vilipofungwa pamoja. Mkulima wa mwambao hakuwa na rupia. Alikuwa na ng'ombe, samaki, mtama na nguvu zake. Asiyekuwa na fedha aliweza kulipa kwa kazi, na serikali ilihitaji kazi kuliko ilivyohitaji mtama. Kwa hiyo siku ya kodi ilikuwa pia siku ya kuhesabu mikono. Maelezo ya wazee yanayosema kwamba mtu "alichukuliwa kwa kodi" hayana utata wowote kwa anayejua hali hiyo, ingawa mtafsiri asiyejihadhari huyageuza kuwa habari ya fedha peke yake.

Vita vya Kwanza vya Dunia viliondoa hata kisingizio cha rupia. Waingereza walichukua Ukerewe mwezi Juni 1916 na Mwanza mwezi Julai, kisha wakaelekea kusini kwenye njia ya Tabora, mji ulioangukia mikononi mwa Wabelgiji tarehe 19 Septemba mwaka huo. Majeshi yaliyotembea kwa miguu yalihitaji wapagazi kila hatua. Kikosi cha wapagazi cha Waingereza kiliacha jina lake Nairobi na Dar es Salaam: Kariakoo, matamshi ya Kiswahili ya Carrier Corps. Idadi rasmi ya wapagazi waliokufa katika utumishi wa Waingereza ilizidi 40,000, wengi wao kwa maradhi na si kwa risasi. Tofauti ya kimsamiati inafaa kuzingatiwa. Kariakoo ni jina la kikosi lililogeuka kuwa jina la mahali, wakati mgambo ni jina la wito lililogeuka kuwa jina la kikosi. Njia hizo mbili zinapishana, lakini zote zinaonyesha lugha ikitafuta mahali pa kuliweka tukio la watu kuchukuliwa.

Utawala wa Waingereza baada ya vita haukubadili muundo huo kwa kiasi kikubwa. Sheria ya kodi ya nyumba na ya kichwa ya mwaka 1922, kisha sheria ya mamlaka za wenyeji ya mwaka 1926, ziliwafanya watemi na banangwa wakusanyaji wa kodi na waamuru wa kazi kwa wakati mmoja. Katika miaka ya 1940 na 1950 mpango wa maendeleo ya Usukuma uliongeza amri juu ya amri: matuta, mihogo, kupunguza mifugo. Mpiga mbiu aliyeitikiwa zamani sasa alitangaza makosa na faini, na watemi walilipia hilo kwa heshima yao. Mwaka 1963, serikali huru ilipofuta nyadhifa zao, Usukuma haukuwa na sababu nyingi za kuzililia.

Kodi ya kichwa ilifutwa mwaka 1969. Miaka miwili baadaye, mwezi Februari 1971, Mwongozo wa TANU ulitaka wananchi wafundishwe kuilinda nchi yao. Mapinduzi ya Uganda ya Januari mwaka huo na uvamizi wa Guinea wa Novemba 1970 yalikuwa mbele ya macho ya waandishi wake. Jeshi la wananchi hao liliitwa mgambo. Uteuzi huo ulikuwa wa busara. Neno lilibeba methali nzima: raia anayeitwa kwa sababu kuna jambo, kisha anarudi shambani jambo likiisha. Kwa maoni yangu, hapo ndipo neno lilipokaribia kuunganisha maana zake zote mbili bila unafiki.

Mwambao wa Ziwa ulilijaribu wazo hilo mapema kuliko mikoa mingine. Majeshi ya Idi Amin yalipoteka ardhi ya kaskazini ya mto Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, Rais Nyerere alilitangazia taifa kwa redio tarehe 2 Novemba. Mbiu sasa ilikuwa redio. Makumi ya maelfu ya wanamgambo waliingizwa jeshini, wengi wakitoka vijijini. Vita vilifika Mwanza kwa namna isiyotarajiwa: mwishoni mwa Machi 1979 ndege ya Libya iliyotumwa kuupiga mji huo ilikosa shabaha, na mabomu yakaangukia hifadhi ya kisiwa cha Saanane, yakaua swala. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili. Walioitwa walikuwa wameitikia, na walijua wameitiwa nini.

Kilichofuata ni sehemu chungu zaidi ya historia ya neno hili. Uchumi ulikuwa umechoka. Mwaka 1983 ilitungwa sheria ya Nguvu Kazi, na wasio na kazi mijini walikamatwa na kurudishwa mashambani. Serikali za mitaa, zilizokuwa zimevunjwa mwaka 1972, zilirudi, na pamoja nazo ikaja kodi ya maendeleo, ambayo kwa watu wengi ilikuwa kodi ya kichwa yenye jina jipya. Halmashauri hazikuwa na polisi wa kuikusanya. Zilikuwa na mgambo. Mtu yule yule aliyefunzwa kumsubiri adui mpakani sasa alisimama njiani siku ya gulio, akidai stakabadhi. Asiyekuwa nayo alilala mahabusu, au alifahamu mapema na kulala porini. Usukuma ulikuwa na kipimo cha kulinganishia: sungusungu, walinzi wa jadi waliojiunda mwanzoni mwa miaka ya 1980 dhidi ya wezi wa ng'ombe, waliitana kwa filimbi na yowe, nao hawakuwa watu wa kusifiwa kwa kila walilotenda, lakini mlio wao ulikuwa bado na maana ya kukusanyika. Jina la mgambo lilikuwa limekwisha kuwa ishara ya kutawanyika.

Kodi ya maendeleo ilifutwa mwaka 2003. Mgambo hawakufutwa, wakahamia kwenye ushuru wa masoko na uondoaji wa wachuuzi.

Kwa mtafiti wa historia simulizi, jambo hili lina uzito wa moja kwa moja. Msimulizi anayesema "mgambo ulitukuta shambani" na yule anayesema "mgambo walitukuta shambani" hawazungumzii tukio moja, na huenda wametenganishwa na zaidi ya kizazi kimoja. Nimeona nakala za mahojiano ambazo mnukuzi "amesahihisha" u- kuwa wa- kwa kudhani msimulizi mzee alikosea sarufi. Kwa sahihisho hilo wito wa kulima umegeuka kuwa msako wa kodi. Kiambishi kiandikwe kama kilivyotamkwa, na pale kinaposikika vibaya kwenye kinasa sauti, msimulizi arudiwe na kuulizwa kama alisikia pembe au aliona watu.