Haki ya Kukanusha katika Nchi Isiyokuwa na Dini

Ibara ya 3 ya Katiba ya Tanzania inaitambulisha Jamhuri ya Muungano kuwa nchi isiyokuwa na dini. Tumezoea kuielewa kwa wepesi: serikali haina dini, wananchi wanazo. Makala haya yanashikilia kwamba maneno hayo yana uzito zaidi. Dola isiyo na dini haina mizani ya kupimia fundisho lipi ni la kweli, hivyo haina haki ya kumwadhibu mtu kwa kulikanusha tu.

Aliyewahi kusimama kwenye mhadhara wa dini anaijua hali yake: meza, kipaza sauti, Biblia na Qur'ani, mzungumzaji anataja sura na aya, msomaji anasoma, umati unaitikia. Huko Morogoro, mhubiri wa Kiislamu alitamka hadharani kwamba Yesu si mwana wa Mungu. Alishtakiwa kwa kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu, kinachokataza kusema kwa kusudi la kuumiza hisia za kidini za mwingine, akahukumiwa kifungo cha miezi 18. Mwaka 2003, katika kesi ya Hamisi Rajabu Dibagula dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani ilimwondolea hatia.

Uamuzi huo ulikuwa sahihi. Mkristo anayehubiri kwamba Yesu ni mwana wa Mungu naye anakanusha msingi wa imani ya Mwislamu. Kama kuudhika kwa msikilizaji kungetosha kuwa kosa, wahubiri wote wawili wangekuwa gerezani, na hakimu angegeuka mwanateolojia.

Je, asiyeamini kabisa? Mhubiri wa Morogoro alikuwa na msahafu nyuma yake. Mwenye shaka hana kitabu wala jumuiya ya kumtetea. Hata hivyo, Ibara ya 19 inalinda uhuru wa kubadili dini au imani. Hakuna anayeiacha imani yake bila kwanza kuitilia shaka. Kulinda uamuzi huku ukiadhibu swali lililouzaa ni kutoa kwa mkono mmoja na kupokonya kwa mwingine.

Wapo wanaohofia, na hofu yao ina sababu, kwamba maneno huwasha moto. Oktoba 2012, makanisa yalichomwa Mbagala, Dar es Salaam, baada ya habari kuenea kwamba mtoto ameikojolea Qur'ani. Lakini tazama uwajibikaji unapopaswa kuangukia: kwa aliyechoma na kwa aliyehamasisha uchomaji. Vivyo hivyo, anayewazushia uongo waumini wa dini fulani, au anayetaka wapigwe, awajibike kikamilifu, awe mhubiri au mkana Mungu.

Basi kabla ya kufungua jalada la kifungu cha 129, mwendesha mashtaka aulize kwanza: maneno haya yalilenga kumdhuru nani? Jibu likiwa ni fundisho wala si mtu, mahakamani hapana kesi. Kazi ya kubishania fundisho ni ya wahubiri, nao wana meza yao, vitabu vyao na wasomaji wao.