Nyumba ya Mawe Kwenye Njia Panda

Leo twataka tufanye safari kwa fikira mpaka kijiji kidogo kiitwacho Cottisford, katika jimbo la Oxfordshire, nchi ya Uingereza. Hapo penye njia panda ipo nyumba ya mawe ya kijivu, isiyo na ghorofa. Siku hizi si shule tena. Lakini ilijengwa katikati ya karne ya 19, siku za Malkia Victoria, ili watoto wa kijiji wapate kusoma. Tumeichagua nyumba hii kwa sababu mtoto mmoja aliyesomea humo aliandika habari zake, na habari hizo zina neno kwetu.

Kwanza tuitazame nyumba yenyewe. Ilikuwa na chumba kimoja kikubwa, nacho kilitosha kwa kazi zote na kwa madarasa yote. Ubavuni mwake paliungwa nyumba ndogo ya vyumba viwili, ambamo mwalimu wa kike aliishi. Kando yake palikuwa na uwanja wa kuchezea. Wakati wa baridi watoto walikula chakula chao cha mchana karibu na jiko la kuotea moto, maana nyumbani kulikuwa mbali.

Shule nyingi za vijijini za wakati ule zilifanana na makanisa. Paa lina mteremko mkali, madirisha yamechongoka juu, na juu ya paa pana kibanda kidogo cha kengele. Sababu yake ni wazi. Mwaka 1811 watu wa Kanisa la Uingereza waliunda chama kiitwacho National Society, ili kila parokia iwe na shule ya watoto wa maskini. Wakristo wa madhehebu mengine nao walikuwa na chama chao, British and Foreign School Society. Serikali ilianza kusaidia ujenzi mwaka 1833, ilipotoa pauni 20,000 tu. Basi mwenye kujenga alikuwa kanisa, na mkono uliozoea kujenga nyumba ya ibada ndio uliojenga nyumba ya masomo.

Kila sehemu ya jengo ilikuwa na maana. Paa liliinuliwa juu ili watoto wengi wapate hewa. Madirisha yalikuwa marefu kwa ajili ya mwanga. Lakini katika shule nyingi dirisha lilianza juu ya kichwa cha mtoto, kusudi asitazame nje akasahau kitabu. Akiwa ameketi, mtoto aliona mbingu, lakini njia ipitayo mlangoni hakuiona. Ndugu, tuliweke jambo hilo moyoni.

Shule ya Cottisford ilikuwa na dirisha kubwa lililoelekea barabarani. Hata hivyo watoto wake walikuwa na ukuta mwingine, usiojengwa kwa mawe. Tumsikilize yule mtoto tuliyemtaja. Jina lake Flora Timms, aliyezaliwa mwaka 1876 katika kitongoji cha Juniper Hill, binti wa mwashi. Yeye na wenzake walitembea maili moja u nusu kwenda shule, na maili moja u nusu kurudi. Walikuwa kama watoto 45 chini ya mwalimu mmoja, akisaidiwa na wasichana wadogo waliokuwa wamemaliza masomo juzijuzi tu. Kila asubuhi kasisi alikuja kufundisha Maandiko. Baada ya hapo walisoma, wakaandika, wakafanya hesabu, na wasichana wakashona.

Sheria ya mwaka 1880 ililazimisha kila mtoto asome mpaka umri wa miaka 10. Tena tangu mwaka 1862 fedha za serikali zilitolewa kwa kadiri watoto walivyofaulu mbele ya mkaguzi. Basi siku ya mkaguzi ilikuwa siku ya hofu, kwa mwalimu na kwa wanafunzi pia.

Na ule ukuta ulikuwa nini? Watoto walifundishwa kwamba kila mtu amewekwa na Mungu mahali pake, tajiri na maskini, na kwamba maskini asitamani kuondoka pake. Mvulana asome kiasi, kisha aende shambani. Msichana asome kiasi, kisha aende kuwa mtumishi wa nyumbani katika nyumba za wakubwa.

Tusiwahukumu upesi waliojenga. Walitoa ardhi, mawe na fedha wakati ambapo wengine hawakutoa kitu. Bila wao, wengi wa watoto hao wasingejua hata kuandika majina yao. Lakini pamoja na kutoa, walipima. Walimpa mtoto ufunguo wa kusoma, kisha wakamwambia mlango gani asiufungue.

Flora aliondoka shuleni akaenda kufanya kazi katika ofisi ya posta ya kijiji cha jirani. Chuo kikuu hakukiona. Lakini alikuwa amejifunza kusoma, naye alisoma kila alichokipata. Alipokuwa na umri wa miaka 62, mwaka 1939, kilitolewa kitabu chake, Lark Rise, kwa jina lake la ndoa, Flora Thompson. Humo waliandikwa watu wa Juniper Hill, watu wa jembe na wa mavuno, na ile shule ya njia panda, ingawa majina ya mahali aliyabadilisha. Ndugu yake Edwin aliuawa vitani mwaka 1916. Jina lake limo katika kibao cha ukumbusho ndani ya kanisa la Cottisford, pamoja na vijana wengine wa hapo. Jina mtu aweza kulisoma kwenye kibao. Lakini jinsi vijana hao walivyoishi, walivyocheka na kuona njaa, twajua kwa sababu mmoja wao alivuka kipimo alichopimiwa.

Mambo haya hayako mbali nasi. Kutoka kanisa lilo hilo walikuja wamisionari wa CMS walioanzisha Freretown, Mombasa, mwaka 1875. Katika sehemu nyingi za Kenya nyumba iliyokuwa kanisa siku ya Jumapili ilikuwa darasa siku ya Jumatatu, na Wakristo wa kwanza waliitwa wasomi. Tulipokea baraka ile. Na ule ukuta twaujua pia, maana wako wazee wetu walioambiwa kwamba kusoma kidogo kwawatosha.

Basi leo sisi ndio wenye kujenga. Kamati zetu hukaa na kuhesabu matofali na mabati, na ni vema. Lakini tujiulize pia: dirisha letu tumeliweka kimo gani? Yule msichana anayelea watoto nyumbani kwetu, tumempimia kiasi gani? Mtoto wa kibarua wetu je? Na yule asiyeweza kutembea? Bwana aliwakemea wanafunzi wake walipowazuia watoto, wala hakuuliza kwanza wametoka nyumba gani.

Mungu atupe mikono ya kujenga, na mioyo isiyopima. Amina.