Habari za Nyuma ya Mchezo: Tamthilia za Redio katika Njia ya Rusumo

Wilaya za Ngara na Biharamulo, katika Mkoa wa Kagera, zimekaa mahali ambapo njia na lugha hukutana. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam hupita Lusahunga, wilayani Biharamulo, kisha huingia Ngara na kugawanyika: tawi moja huenda Rusumo na kuvuka Rwanda, na la pili huenda Kabanga na kuvuka Burundi. Lugha za wenyeji wa Ngara ni Kihangaza na Kishubi, nazo ni ndugu wa karibu wa Kirundi na Kinyarwanda, hata Mhangaza na Mrundi husikilizana bila mkalimani. Kwa hiyo mwenye redio huko alikuwa na masikio mawili: moja la Kiswahili, lililoelekea mashariki, na moja la lugha ya nyumbani, lililoelekea magharibi. Michezo iliyotungwa kwa ajili ya masikio hayo ina habari nyingi ambazo msikilizaji hakuambiwa, na baadhi yake zahusu uhai wa watu.

Mchezo wa Twende na Wakati ulianza kutangazwa na Radio Tanzania Dar es Salaam mwezi wa Julai, 1993. Televisheni ilikuwa bado haijaanza Tanzania Bara, ilianza 1994. Msikilizaji aliusikia kuwa mchezo wa nyumbani, na lugha yake ilikuwa ya nyumbani kweli, lakini nasaba yake yatoka mbali. Mwaka 1969 televisheni ya Peru ilianza kuonyesha Simplemente María, kisa cha mtumishi wa nyumbani aliyejiinua kwa cherehani. María alipoolewa mchezoni, watu wa Lima walimiminika kanisani kana kwamba arusi ilikuwa ya kweli. Huko Mexico, mtengenezaji wa vipindi Miguel Sabido aliuchungua mchezo huo, akatoa kanuni ya wahusika wa aina tatu: mwema, mwovu, na yule asitasitaye kati yao, ambaye ndani yake msikilizaji hujiona mwenyewe. Kanuni hiyo ilifika Kenya mwaka 1987, katika Tushauriane ya televisheni na Ushikwapo Shikamana ya redio. Kisha ikafika Tanzania.

Habari ya kushangaza zaidi ni ya Dodoma. Mchezo ulipokuwa ukirushwa na mitambo mingine, mtambo wa Dodoma ulirusha kipindi kingine tangu 1993 hata 1995. Haikuwa hitilafu. Ilikusudiwa hivyo, ili wataalamu wapate kulinganisha waliousikia mchezo na wasiousikia. Ilionekana kwamba matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka zaidi mahali uliposikika. Na Dodoma nayo ilipofunguliwa mchezo mwaka 1995, mabadiliko yakaonekana huko pia. Watu wa Dodoma walikuwa wamewekwa kando kwa miaka miwili, nao hawakujua.

Mhusika mwovu wa mchezo huo aliitwa Mkwaju. Alikuwa dereva wa lori, mlevi, mwenye wanawake njiani, na mwisho alikufa kwa UKIMWI. Mkewe aliitwa Tunu. Majina haya yafuata desturi ya hadithi za Waswahili, ambamo jina hutangulia kueleza tabia: mkwaju ni mti wenye tunda kali, na tunu ni kitu cha thamani kisichopatikana kwa urahisi. Kazi ya Mkwaju nayo haikuwa ngeni kwa watu wa Lusahunga. Malori ya kwenda Kigali na Bujumbura yalilala hapo, na mlevi wa redioni alifanana na wasafiri waliowaona kila jioni.

Yafaa kukumbuka kwamba wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walionekana katika mkoa huohuo wa Kagera, mwaka 1983. Siku hizo ugonjwa haukuwa na jina rasmi la Kiswahili. Watu waliuita Juliana, jina la nguo iliyokuwa ikiletwa na wachuuzi kutoka Uganda. Neno UKIMWI, lililoundwa kwa herufi na silabi za Ukosefu wa Kinga Mwilini, lilikuja baadaye. Ndipo kazi ya mchezo inapoonekana: ulilitoa neno katika mabango ya zahanati ukalitia katika vinywa vya mume na mke wanaogombana jikoni. Wala si Afrika peke yake iliyoogopa maneno. Huko Marekani, mwaka 1952, mwigizaji Lucille Ball alikuwa mjamzito kweli, na ujauzito wake ukaingizwa katika mchezo wa kuchekesha wa I Love Lucy. Lakini shirika la CBS lilikataza neno lenyewe la mimba lisitamkwe, na miswada ilipelekwa kwa kasisi, mchungaji na rabi ili waikague.

Mwezi uleule wa Julai, 1993, ng'ambo ya pili ya mto Kagera, ilianza redio ya RTLM ya Rwanda. Nayo iliwavuta watu kwa muziki, mzaha na maneno ya barabarani, kisha mwaka 1994 ikayatumia mazoea hayo kuchochea mauaji ya kimbari. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara, wakakaa Benaco, mahali palipobeba jina la kampuni ya Kiitalia ya ujenzi wa barabara. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwahukumu waanzilishi wawili wa redio hiyo.

Basi mwaka 1995 Shirika la Wajesuti la Kuhudumia Wakimbizi lilianzisha Radio Kwizera mjini Ngara. Kwizera maana yake ni kutumaini. Mwaka uohuo Studio Ijambo ilianzishwa Bujumbura, ambako Wahutu na Watutsi walitengeneza vipindi pamoja wakati nchi yao imo vitani. Mwaka 1997 ikaanza tamthilia ya Umubanyi Niwe Muryango, iliyoandikwa na Marie-Louise Sibazuri, kisa cha majirani wawili, Mhutu na Mtutsi. Anwani hiyo yastahili kutazamwa na wanaisimu. Maana yake ni kwamba jirani ndiye jamaa. Umuryango ni jamaa, tena ni mlango wa nyumba. Na Kiswahili cha pwani nacho huita ukoo mlango. Msikilizaji wa Ngara hakuhitaji kufasiriwa.

Neno la mchezo laweza hata kuhamia katika lugha ya kila siku. Matangazo mafupi ya redio ya mwaka 2008 yalimwita Fataki mwanamume mzima anayewarubuni wasichana wa shule. Fataki ni baruti ndogo ya kulipuka. Lakini magazeti na watu wa mitaani wakalitwaa jina hilo kwa wote wenye tabia hiyo, na hivyo jambo lililofichwa likapata jina la kukemewa.

Mambo haya yaonyesha kwamba mchezo wa redio haukuwa upuuzi wa jioni. Kwa sauti ileile, kwa mzaha uleule, na katika mwezi uleule, pande mbili za daraja moja zilianza kusikiliza: upande mmoja ulifundishwa jina la ugonjwa upate kujilinda, na upande wa pili ulifundishwa kumwita jirani adui.