Mpira Uliofutwa: Futiboli katika Chuo Kikuu cha Chicago, 1892–1939

Chuo Kikuu cha Chicago kilifungua milango yake tarehe 1 Oktoba 1892, kwa fedha ambazo nyingi zilitolewa na tajiri wa mafuta, John D. Rockefeller. Rekta wake wa kwanza, William Rainey Harper, alikuwa mtaalamu wa Kiebrania. Hata hivyo, miongoni mwa watu wa mwanzo aliowaajiri alikuwamo Amos Alonzo Stagg, mwanafunzi wake wa zamani huko Yale, ili aunde timu ya futiboli ya Kimarekani. Ifahamike kwamba mchezo huo ni tofauti na mpira wa miguu uchezwao Lubumbashi au Bukavu: mpira una umbo la yai, huchukuliwa mikononi, na wachezaji hugongana kwa nguvu ili kuteka ardhi ya wapinzani hatua kwa hatua.

Stagg alipewa cheo cha ualimu wa chuo kikuu, sawa na wanazuoni wenzake, jambo lililokuwa geni wakati huo. Harper alijua alilolitaka. Chuo kichanga, kisicho na mapokeo, kilihitaji jina, nalo jina lilipatikana upesi kiwanjani.

Kilele kilifikiwa tarehe 30 Novemba 1905. Michigan ilikuwa imecheza mechi 56 bila kushindwa. Chicago ikaishinda kwa alama 2 kwa 0 mbele ya umati mkubwa. Lakini mwaka huohuo ulikuwa na upande wake wa giza. Gazeti la Collier's liliandika juu ya vyuo vilivyonunua ushindi kwa kuwapokea wachezaji wasiostahili, Chicago kikiwa kimojawapo. Mwezi Oktoba, Rais Theodore Roosevelt alikuwa amewaita Ikulu wajumbe wa Harvard, Yale na Princeton kwa sababu ya ukatili wa mchezo. Harper mwenyewe alifariki Januari 1906, majuma machache baada ya ushindi ule.

Timu ya Stagg ilitwaa ubingwa wa vyuo vya eneo lake mara saba, mara ya mwisho mwaka 1924. Baada ya hapo nguvu zilipungua. Stagg aliondolewa kwa sababu ya umri mwishoni mwa 1932, akiwa na miaka 70, akaenda kufundisha timu nyingine California. Aliishi hadi miaka 102. Mwaka 1935 mchezaji Jay Berwanger alipewa tuzo ambayo baadaye iliitwa Heisman, akiwa wa kwanza kabisa kuipata. Timu za kulipwa zilimchagua kabla ya vijana wengine wote, naye hakucheza hata mechi moja kwao.

Rekta Robert Maynard Hutchins, aliyeshika madaraka mwaka 1929, hakuwachukia wachezaji, aliichukia biashara. Katika makala yake ya Desemba 1938 ndani ya Saturday Evening Post alieleza kwamba fedha za viingilio ndizo mzizi wa uovu, akapendekeza kiingilio kiwe senti 10 tu. Mwaka uliofuata hoja yake ilipata msaada usiotarajiwa: Michigan ileile iliifunga Chicago 85 kwa 0, nazo Harvard na Ohio State zikaifunga 61 kwa 0 kila moja. Mwezi Desemba 1939 Baraza la Wadhamini likaifuta timu. Ni vigumu kusema kama Hutchins angefaulu iwapo timu ingekuwa ikishinda.

Majukwaa yalibaki bila watazamaji. Chini ya jukwaa la magharibi, katika chumba cha mchezo wa skwoshi, Enrico Fermi na wenzake walijenga rundo la grafiti na uraniamu, na tarehe 2 Desemba 1942 wakaanzisha kwa mara ya kwanza mfululizo wa kupasuka kwa atomi unaojiendesha wenyewe. Hapo ndipo historia ya kiwanja hiki inapoigusa Katanga, kwa kuwa sehemu kubwa ya uraniamu ya mradi mzima wa bomu ilichimbwa Shinkolobwe, karibu na Likasi, na Wakongo ambao hawakuambiwa kazi ya madini hayo.

Futiboli ilirejeshwa rasmi mwaka 1969, kwa kiwango cha kawaida na katika uwanja mwingine. Majukwaa ya zamani yalibomolewa mwaka 1957. Mahali pa kiwanja, tangu 1970, pana maktaba kuu ya chuo.