Jiwe la Kuja la Shrewsbury

Anayetaka kusoma mawe ya Shrewsbury, mji wa Uingereza ulio karibu na mpaka wa Wales, huanza na kuta. Ngome ya kale ni ya mawe mekundu ya mchanga. Nguzo ya Lord Hill, iliyokamilika mwaka 1816, ni ya jiwe jeupe la Grinshill, kijiji cha kaskazini. Mchanga wa jiwe hilo ulitua yapata miaka milioni 240 iliyopita, nchi ikiwa jangwa lenye joto. Machimbo ya Grinshill yametoa mabamba yenye viwimbi vya maji ya enzi hizo, nyayo, na mifupa ya mtambaazi ambaye mwanasayansi Richard Owen alimpa jina la Rhynchosaurus mwaka 1842.

Katikati ya mji, kwenye jengo la Morris Hall, limekaa jabali lisilo na ndugu pale. Linaitwa Bellstone. Hapa ndipo ningependa kila kiongozi wa matembezi akae na wageni wake kwa muda mrefu. Charles Darwin, mzaliwa wa mji huu, alionyeshwa jabali hilo ujanani na mzee Cotton, mjuzi wa mawe. Mzee alimwambia kuwa mwamba wa aina hiyo haupatikani mpaka ufike Cumberland au Uskoti, na kwamba dunia itakwisha kabla hajatokea mtu wa kueleza lilivyofika.

Agosti 1831, Adam Sedgwick, profesa wa Cambridge, alimchukua Darwin kwenda kutembea kaskazini mwa Wales. Katika bonde la Cwm Idwal walipekua miamba kwa saa nyingi. Imejaa mikwaruzo, majabali yamepandana, kifusi kimejipanga kama matuta ya shamba. Hayo yote yaliwapita. Walikwenda kutafuta visukuku, na macho yao yakaishia kwenye visukuku.

Mwaka 1837 Louis Agassiz aliwatangazia wanasayansi wenzake huko Neuchâtel, Uswisi, kwamba barafu iliwahi kufunika sehemu kubwa ya Ulaya. Wengi walimpinga. Mwaka 1840 alizunguka Uskoti na mwanajiolojia William Buckland, wakakuta alama za barafu kama zile za Cwm Idwal. Miaka miwili baadaye Darwin alirudi Cwm Idwal, akiwa na umri wa miaka 33, na afya yake ikidhoofika. Hakuwa tena na nguvu za kupanda milima baada ya safari hiyo. Safari hii aliziona alama zote. Hata hivyo, majabali ya nyanda za chini aliendelea kuyahesabu kuwa mizigo ya vilima vya barafu vilivyoelea baharini.

Leo inajulikana kwamba barafu yenyewe ilishuka kutoka kaskazini kupitia bonde la Bahari ya Ireland, ikafunika tambarare za Shropshire takriban miaka 20,000 iliyopita, ikibeba mawe ya Cumberland na Uskoti.

Elimu hiyo ilisafiri mbali. Mwaka 1893 mwanajiolojia J. W. Gregory aliitumia kwenye Mlima Kenya, akatambua kwamba barafuto zake ziliwahi kushuka chini sana kuliko alivyozikuta. Kifusi zilichokiacha bado kipo katika Bonde la Teleki, kwenye njia ya wapandaji.