Tumaini na Huzuni katika Fasihi Yetu

Wako watu wanaodhani kuwa mwandishi mwema ni yule awafarijiye watu, na kwamba mwenye kuandika huzuni huidhuru jamii. Fikira hii yafaa ipimwe kwa historia ya fasihi yetu wenyewe.

Mwanzoni mwa karne ya 19 Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi. Aliyatazama magofu ya Pate, mji uliokuwa na mali na fahari, akauonya moyo wake usiitegemee dunia. Utenzi huo hauna faraja ya dunia hii, lakini watu waliunakili kwa mkono na kuusoma kizazi baada ya kizazi. Huzuni yake ilikuwa onyo, na aonywaye ni yule ambaye bado aweza kugeuka.

Shaaban Robert alishika njia nyingine. Katika Kusadikika, kitabu kilichotoka mwaka 1951, Tanganyika ikiwa chini ya utawala wa Waingereza, Karama ashtakiwa kwa kuanzisha elimu ya sheria. Ajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliokwenda kuitafutia nchi manufaa, nao waliporudi wakatiwa gerezani. Mwisho wake haki yashinda. Lakini ni nani aliyeuona ushindi huo pasipo kupita kwanza katika dhuluma sita?

Mwaka 1974, miaka saba baada ya Azimio la Arusha, Euphrase Kezilahabi alitoa Kichwamaji. Kazimoto, kijana msomi, ajiua. Taifa lilikuwa likihimizwa kujenga, na wahakiki kadha walimwona mwandishi kuwa mtu aliyekata tamaa.

Nami niliwafundisha wanafunzi wangu hivyo kwa miaka kadha. Siku moja mmoja wao akaniuliza, "Mwalimu, aliyejiona katika Kazimoto aende wapi, ikiwa hata kitabuni hatakiwi?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimemhukumu mwandishi, kumbe hukumu imemwangukia kijana aliyeketi mbele yangu.

Tangu hapo sikiulizi kitabu kama chacheka au chalia. Nakiuliza kama kimemwona mtu kwa haki. Shaaban Robert alimwona mfungwa, akamtakia uhuru; Kezilahabi alimwona kijana aliyepotea, akakataa kumficha. Wote wawili walifanya kazi ya mwandishi, nasi walimu tusimpokee mmoja na kumfungia mlango mwenziwe.