Duka lako la mtandaoni haliuzi? Tafuta mahali mteja anapokwama

Ujumbe wa aina hii huingia kwenye simu ya studio karibu kila wiki, leo kutoka Kibondo, kesho kutoka Kasulu: "Nimefungua duka mtandaoni, watu wanaangalia, wanasema nzuri, lakini hakuna anayenunua." Mmoja aliyetuandikia mwezi uliopita ana madumu sita ya asali chumbani. Pesa ya kuyanunua kwa warina asali, na ya kumlipa kijana aliyemtengenezea tovuti, aliikopa kwenye kikundi cha VICOBA. Marejesho ni kila Jumapili. Asali haiharibiki haraka, lakini marejesho hayangoji.

Makala hii inamhusu yeye na wenzake. Tunaposema duka la mtandaoni hatuna maana ya tovuti peke yake. Ukurasa wa Facebook au Instagram ni duka, na namba ya WhatsApp unayotangazia bidhaa kwenye status na magrupu nayo ni duka. Yakikosa wauzaji wake mauzo, sababu huwa zinafanana sana.

Usikimbilie kulipia tangazo, fungua daftari

Wengi mauzo yakigoma huwaza mambo mawili: kubadilisha muonekano wa ukurasa au kulipia tangazo. Yote mawili yanakula pesa, na huenda yote mawili hayagusi tatizo. Tangazo huleta watu mlangoni. Kama watu wanafika mlangoni na kugeuza, ukiwaleta wengine mia watageuza hao pia, na bando lako litakuwa limekwisha.

Chukua daftari la shule, chora mistari minne. Kwa wiki mbili andika kila siku: wangapi wametazama bidhaa (status ya WhatsApp inakuonyesha idadi), wangapi wameuliza bei, wangapi wameendelea hadi kuuliza mzigo utawafikiaje, na wangapi wamelipa. Tuseme waliotazama ni 200, waliouliza bei 30, waliouliza usafiri 12, waliolipa 1. Hapo huna tatizo la kutojulikana. Watu 30 kuuliza bei si haba. Wamepotea baadaye, kwenye gharama ya kusafirisha na kwenye kutoa pesa, na huko ndiko pa kwenda kutengeneza. Lakini kama waliotazama ni 200 na waliouliza ni 2, basi shida iko kwenye picha, maelezo au bei uliyoandika. Na kama waliotazama ni 9, wote ndugu zako, hapo kweli bado hujajulikana.

Kwa wanaotuandikia kutoka huku Buha, wengi wao wanakwama sehemu ileile: mteja ameuliza, amejibiwa, kisha kimya.

"Tuma kwenye namba hii"

Kila Mtanzania mwenye simu amewahi kupokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Matapeli wameutumia kwa miaka. Sasa jiweke kwenye nafasi ya mama aliyeko Dodoma, ameona asali yako, ameuliza bei, na wewe muuzaji mwaminifu wa Kibondo unamjibu: "Tuma kwenye namba hii." Maneno ni yaleyale. Hajui kama uko Kibondo kweli au uko nyuma ya nyumba yake. Mimi mwenyewe nilishatuma pesa ya viatu ambavyo mpaka leo sijaviona, na ukurasa wa muuzaji ulikuwa mzuri kuliko wa maduka mengi ya mjini. Tangu siku hiyo uzuri wa ukurasa haunitishi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya duka lako ni kumpa mgeni sababu ya kukuamini kabla hajatoa shilingi. Anza na jina. Mtu anapotuma pesa, jina la mpokeaji hutokea kwenye simu kabla hajaweka namba ya siri. Kama ukurasa unasema duka ni la mama fulani na jina linalotokea ni la shemeji mwanaume, mteja anaghairi hapohapo, na ana haki. Omba lipa namba kwa wakala mkuu au kwenye duka la mtandao wako wa simu, isajiliwe kwa jina la biashara lilelile lililoko kwenye ukurasa. Kama bado unatumia namba ya kawaida, andika mapema: "Jina litakalotokea ni hili."

Pili, uonekane. Picha yako ukiwa umeshika bidhaa, nyuma yake panaonekana stendi ya Kasulu au soko la Kibondo, ina nguvu kuliko picha ya asali inayometameta uliyoichukua mtandaoni. Picha hizo za kuazima watu wanazitambua, maana wameshaziona kwenye kurasa nyingine kumi. Mteja akitaka kukupigia kwa video akuone, kubali. Ni dakika mbili tu.

Tatu, gawana naye hofu. Kwa mzigo wa kwanza pokea nusu, mzigo ufike kwenye ofisi ya basi, umtumie picha ya risiti, ndipo amalizie. Au umwambie anunue kidogo kwanza. Wapo wauzaji wanaoona hii ni kujishusha. Lakini wewe pia unahatarisha mzigo, na ukimwambia hivyo wazi ataelewa kwamba mnaaminiana pande zote mbili.

Na ukipata ujumbe wa kitapeli unaotumia jina la duka lako, usinyamaze. Namba ya tapeli huripotiwa kwa ujumbe mfupi kwenda 15040, bila malipo. Kisha waambie wateja wako.

Bei ya mezani na bei ya mlangoni

Hapa ndipo madumu sita yalipokwama, kwa hiyo tukae kidogo.

Ukurasa wa msikilizaji wetu uliandika bei ya lita moja tu. Tuchukue namba za mfano, zako utaziuliza mwenyewe stendi. Asali lita moja shilingi 10,000. Chupa nzuri yenye kifuniko kisichovuja 1,000. Kusafirisha kwa basi hadi Dar es Salaam 8,000, kwa sababu basi halikutozi kidogo sana hata mzigo uwe mdogo. Mteja anajikuta analipa 19,000 kwa lita moja, wakati aliona 10,000. Anajiona amedanganywa, ingawa hakuna aliyemdanganya.

Sasa uza dumu la lita tano. Asali 50,000, dumu 3,000, basi 10,000. Jumla 63,000, yaani 12,600 kwa lita, mzigo ukiwa umeshafika Dar. Ni asali ileile na basi lilelile. Kilichobadilika ni kipimo tu. Bidhaa inayotoka mbali namna hii, zaidi ya kilomita elfu moja hadi Dar, lazima iuzwe kwa kipimo kinachoweza kubeba nauli yake. Na andika bei moja iliyokamilika: "Lita tano, hadi stendi ya Dar, 63,000." Mteja anayejua mwisho wa pesa yake huamua haraka.

Jambo jingine kuhusu asali: lita moja si kilo moja. Asali ni nzito, lita moja ina takriban kilo 1.4. Dumu la lita 20 linafika kilo 28. Muuzaji anayeandika bei bila kusema ni kwa lita au kwa kilo anajitafutia ugomvi, na basi nalo likitoza kwa uzito hesabu yake itapotea. Andika vyote viwili.

Kama wateja wako wengi wako mji mmoja, wakusanye. Tafuta mtu wa huku aliyeko huko, mwenye genge au duka ambalo lina mlango na watu wanalijua, umpelekee mzigo mmoja mkubwa mara moja kwa wiki mbili na umpe kamisheni yake. Kenya kampuni ya Copia, iliyoanza mwaka 2013, ilijengwa juu ya wazo hilo: mteja wa kijijini hakuhitaji simu janja, alikwenda kwa wakala, mara nyingi mwenye duka anayemfahamu, akaagiza na baadaye akachukulia mzigo hapohapo. Mwezi Mei 2024 Copia iliwekwa chini ya wasimamizi baada ya kukosa mtaji zaidi. Hata hivyo wazo la wakala anayefahamika halihitaji mamilioni ya dola ukilifanya kwa madumu sita.

Na usidhani ugumu huu ni wa wanyonge peke yao. Jumia, iliyoanzia Nigeria mwaka 2012, iliingiza hisa zake kwenye soko la New York mwezi Aprili 2019, na mwezi Novemba mwaka huohuo ikafunga biashara yake ya Tanzania na kuelekeza nguvu nchi nyingine. Kampuni yenye fedha zote hizo ilituacha. Wewe mwenye simu moja una kitu kimoja ambacho yenyewe haikuwa nacho: unawajua wanaorina asali hiyo kwa majina.

Maelezo yanayojibu swali kabla halijaulizwa

Swali linaloua mauzo ya asali ni hili: "Mbona imeganda? Umeweka sukari?" Asali halisi huganda, hasa kwenye baridi kama ya milimani kwetu, kwa sababu sukari yake ya asili hujitengeneza chembechembe. Ukiiweka chupa kwenye maji ya uvuguvugu inarudi kuwa laini, bila kuichemsha. Andika hilo kwenye maelezo ya bidhaa, weka na picha ya asali iliyoganda. Anayeuza mawese ana swali kama hilo, maana nayo hushikana kwenye baridi. Anayeuza maharage ya Kasulu aseme ni ya msimu gani, yamechambuliwa au la, na yanaiva kwa muda gani. Mpishi wa mjini anahesabu mkaa.

Kuhusu tovuti: azima simu ya bei ndogo kabisa, nenda mahali mtandao unaposuasua, ufungue duka lako mwenyewe. Ukurasa ukichukua muda wa kumaliza kunywa chai, wateja wako wameshaondoka. Mara nyingi mkosaji ni picha kubwa mno, zinazomaliza bando la mtu kabla hajaona bei. Mwambie aliyekutengenezea azipunguze. Nitasema wazi mawazo yangu: mtu mwenye bidhaa tatu hahitaji tovuti. WhatsApp Business, iliyotoka mwaka 2018, haina malipo, ina katalogi ya kuweka picha na bei, na ina ujumbe wa kujibu yenyewe usipokuwepo. Kama Jumanne na Alhamisi uko shamba pasipo na mtandao, uandike hivyo kwenye ujumbe huo. Mteja akijua atajibiwa jioni anasubiri. Asipojua, anakwenda kwa mwingine.

Karatasi nazo zinauza

Mnunuzi wa jumla au mwenye duka la mjini atakuuliza nembo ya ubora. Tangu mwaka 2019 usalama wa chakula uko chini ya TBS, si TFDA tena, ingawa wengi bado wanataja jina la zamani. Mjasiriamali mdogo aanzie SIDO mkoani Kigoma, apate ushauri wa ufungashaji na barua ya utambulisho. TIN utaipata TRA, leseni halmashauri. Usisubiri vyote vikamilike ndipo uuze lita tano kwa mteja mmoja, ila usiandike "imethibitishwa" wakati haijathibitishwa.

Vipo vitu ambavyo mtandao hauvisaidii kabisa. Nyanya na ndizi mbivu hazitafika Dar salama kwa basi. Kwa vitu hivyo simu itumike kumtafuta mwenye hoteli au mpishi wa shule hapahapa wilayani, na mzigo uende kwa bodaboda.

Aliyenunua mara moja

Rudi kwenye daftari lako, kwa yule mmoja aliyelipa. Mpigie baada ya siku tatu, umuulize kama dumu lilivuja, kama ladha ameipenda, na kama unaweza kumjulisha msimu ujao. Akikutumia maneno mazuri, muombe ruhusa uyaweke kwenye ukurasa, na uifunike namba yake na jina lake. Hilo si adabu tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakataza kusambaza taarifa za mtu bila ridhaa yake, na orodha ya namba za wateja wako ni taarifa hizo. Usimpe mtu, usiiuze, wala usiwatupe wateja wote kwenye grupu moja ambako kila mmoja anaona namba ya mwenzake.

Msikilizaji wetu wa Kibondo amebadilisha bei yake kuwa ya lita tano hadi stendi, na lipa namba aliyoomba imetoka ikiwa na jina la duka. Wiki iliyopita alituandikia tena. Dumu moja limekwenda Dodoma, nusu ya pesa imelipwa, na alikuwa anasubiri basi lifike.